Mwanangu Alidhani Sioni

Nilikwenda Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nikiishi peke yangu kijijini kwetu kando ya ziwa, upande wa Mara, na macho yote mawili yalikuwa yameingia utando mweupe kama maziwa yaliyopoa. Nilifikia hatua ya kumimina chai nje ya kikombe. Mwanangu wa mwisho, fundi wa injini za mitumbwi kwenye mwalo wa Nyegezi, gati la wavuvi, akanipigia simu: "Mama, njoo. Nitakuuguza mimi." Nilifurahi. Katika wanangu wote, huyu ndiye niliyemfundisha kusoma mwenyewe darasani, akikaa dawati la mbele na kamasi zake.

Alikuwa amepanga nyumba ndogo Mkolani, juu kidogo, katikati ya mawe. Aliishi na mkewe, binti wa Kisukuma mwenye sauti ya chini, na mtoto wao wa kike ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha maneno. Nilipewa chumba cha pembeni. Mkwe wangu alinichotea maji ya kuoga, alinipakulia chakula, alinishika mkono kwenda chooni, ng'ambo ya uwanja.

Tangu siku za mwanzo nilisikia vitu. Kishindo ukutani. Sahani ikianguka, halafu kimya kizito kuliko kile kinachofuata sahani kuanguka.

"Nini hicho?" nauliza.

"Mlango, mama. Upepo," mwanangu ananijibu kwa upole.

Nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Kesho yake muuguzi akanifungua bandeji, na dunia ikarudi yote kwa mkupuo: kalenda ukutani, inzi mezani, kucha zangu mwenyewe. Nililia. Akanivisha miwani nyeusi ya kuzuia mwanga na kuniambia nirudi kliniki mara kwa mara. Nikaamua nisimwambie mtu mpaka tukae wote mezani, iwe furaha ya nyumba nzima.

Mkwe wangu ndiye aliyenirudisha. Sikuwahi kumwona vizuri, maana walioana macho yangu yakiwa yameshakufa. Njia nzima nilimtazama kupitia miwani ile. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Jino moja la mbele halikuwepo. Chini ya sikio kulikuwa na alama, nyekundu pembeni na nyeusi katikati, na alitembea akiwa ameinua bega moja kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. "Jiwe hapa, mama," alikuwa akiniambia. "Inua mguu." Nikainua, ingawa jiwe nililiona tangu mbali.

Mwanangu alikuja kula mchana huo, mikono inanuka petroli. Akakaa mbele yangu.

"Shikamoo mama. Macho vipi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Kabla sijasema, mkewe akaweka bakuli la samaki mezani. Mwanangu akaonja mchuzi, akakirudisha kijiko taratibu, akainuka. Kwa mkono mmoja akamkamata mkewe koo, akambana ukutani. Huku akiendelea kuongea na mimi.

"Siku hizi mafuta yamepanda, mama. Wavuvi wanalia."

Sauti ilikuwa ileile ya kila siku. Vidole vilikuwa vimezama shingoni. Nyayo za yule binti zilikuwa zikisugua sakafu, zinatafuta pa kukanyaga, na mdomo wake ulikuwa wazi bila kutoa hata mlio. Walikuwa wamelizoea jambo hili kiasi kwamba lilikuwa na adabu zake. Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini, anamega ugali. Hakuinua uso.

"Unanisikia, mama?"

"Nakusikia, baba."

"Nimekuuliza macho."

"Ukungu," nikasema. "Ukungu mtupu. Wamesema nivute subira."

Akamwachia. Binti akateleza mpaka chini, akakohoa mara moja ndani ya kanga yake, akainuka kwenda kuleta chumvi.

Sikuwa nimeupanga uongo ule. Ulinitoka kwa sababu nilielewa kwamba, akijua naona, atayafanya hayo mahali nisipoweza kuona.

Alipokwenda kazini nilimwita mkwe wangu chumbani, nikavua miwani.

"Mwanangu, nimeona."

Alirudi nyuma kana kwamba nimemrushia maji ya moto. "Mama, usimwambie. Nakuomba. Ukimsema ataniua."

"Umeshamsema kwa nani?"

Akanieleza akiwa amesimama, macho yako mlangoni. Alishakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamwita mwanangu, wakaongea kama wanaume, wakacheka. Alipofika nyumbani akamvunja jino. Alishamweleza mzee wa kanisa. Wakaombewa wote wawili, wameshikana mikono, na jioni yake mwanangu akamchoma chini ya sikio kwa bomba la injini lililotoka kwenye moto. Alishakimbilia kwao Misungwi. Baba yake akampa kuku na kumrudisha, akisema ng'ombe wameshaliwa na mke wa mtu hakai kwa baba. Simu yake hukaguliwa kila siku. Mama wa nyumba ya pili, tuliyetenganishwa naye na mawe tu, huulizwa na mwanangu nani katoka na nani kaingia.

"Wewe unatoka lini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ninapokupeleka kliniki, mama. Basi."

Kliniki iliyofuata nilimwambia yule muuguzi nina neno la pembeni. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, anayeita kila mtu bibi au babu. Nikamnong'oneza: "Jicho langu limeshapona. Mgonjwa ni huyu aliyenishika mkono." Tabasamu lake halikubadilika, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa watu. "Haya bibi," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "njoo na msindikizaji wako tupime macho kwenye giza."

Kile chumba cha giza kilikuwa na kitasa. Mimi niliachwa kwenye kiti kando ya mlango, na fimbo yangu, wao wakaenda nyuma ya pazia. Nilisikia sauti ya mkwe wangu ikianza, ikikatika, ikianza tena. Walipotoka, muuguzi alikuwa na macho mekundu. Aliinama kunirekebishia miwani, akaniambia sikioni: "Bibi, mtu anayekaba koo ipo siku anaua. Lakini msiondoke kwa papara. Siku ya kuondoka ndiyo mbaya kuliko zote. Msimtishe, msimuage, msibadilishe chochote nyumbani. Mje kliniki kama kawaida."

Mara iliyofuata benchini palikuwa na mwanamke mwenye kitenge cha kijani, kajifunga kitambaa jicho moja. Alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii, kaitwa na muuguzi. Aliingia chumba cha giza kabla yetu na akatoka baada yetu, na hakuna aliyejua kitu. Humo ndani waliongea habari za dawati la jinsia polisi, na nyumba salama ambapo mama na mtoto wanaweza kupokelewa. Namba ya simu ya ofisa hatukuiandika popote. Mkwe wangu aliikariri njiani, akiimba kwa sauti ndogo kama anambembeleza mtoto mgongoni.

Mimi kazi yangu ilikuwa nguo. Kila tulipokwenda kliniki nilivaa magauni yake mawili chini ya gauni langu, na vijinguo vya mtoto nimevifunga kiunoni. Nikifika, muuguzi ananivua na kuvihifadhi. Mwanangu aliwahi kunitazama nikitoka, akacheka: "Mama, Mwanza imekunenepesha." Nami nikacheka.

Lakini kungoja kulikuwa na gharama yake, na aliyeilipa alikuwa mwingine. Mwanangu alikuwa na kamba ya kuwashia injini, ile yenye kishikio cha mbao upande mmoja. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilimwona akiishusha kwa sababu ya shati lisilopigwa pasi; kwa sababu mkewe kacheka na muuza maji; siku nyingine bila sababu, injini ya mtu imemshinda tu kule mwaloni. Alimwinamisha juu ya kiti na kumwingiza kona ya mto mdomoni. Kamba ilipiga mgongo kwa mlio mfupi, mkavu, halafu kishikio kikafuata na kugonga mfupa. Kitenge kilishika damu kwa mistari. Mimi nimekaa hatua chache, uso umeelekea dirishani, machozi yanashuka nyuma ya miwani, na kama angenigeukia ningesema ni dawa ya matone.

Nilikuwa na njia moja tu ya kumkatiza. Niliita kwa sauti ya kizee: "Baba, njoo unishike mkono. Nataka kwenda chooni."

Kamba ilianguka. Alikuja. Alinishika kiwiko, akaniongoza taratibu uwanjani, "kuna ngazi hapa, mama," na kiganja chake kilikuwa cha moto, kimelowa. Aliningoja nje ya mlango wa choo kama mtoto mwema. Nilikaa humo muda wote nilioweza, huku nikisikia mkwe wangu ndani akisogeza kiti na kufuta sakafu. Nilikwenda chooni mara nyingi mpaka mwanangu akaanza kusema nina tatizo la kibofu.

Nilimpenda. Naliandika hili kwa sababu watu huniuliza. Nilikuwa namwona mtoto wangu, mkono uleule niliouongoza kuandika herufi a, unampasua mtu mgongo, na nilimpenda, na nilitaka akamatwe.

Siku tuliyopanga ilikuwa siku ya kliniki. Ofisa angetungoja na gari nyuma ya hospitali. Mambo hayakufika huko.

Ilikuwa asubuhi ya siku moja kabla. Mwanangu alikuwa ameondoka, au ndivyo tulivyodhani. Mkwe wangu alikuwa uani anaanika nguo. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, sufuria ya uji inachemka juu yake, na mimi nimekaa sebuleni kama kawaida yangu. Mjukuu wangu alitoka chumbani anakimbia, kashika mwanasesere wa vitambaa, akakanyaga ncha ya kanga yake na kwenda kichwakichwa kuelekea kwenye lile jiko.

Niliruka. Sikumbuki nilivyoinuka. Nilimdaka mkono mmoja hewani, nikamvuta kifuani, na kwa mguu nikalisukuma jiko nje. Uji ukamwagika juu ya mawe, ukatoa mvuke. Nilipoinua uso, mwanangu alikuwa amesimama pale uwanjani. Alirudi kuchukua spana.

Tulitazamana. Miwani yangu ilikuwa imeanguka.

"Mama," akasema. "Unaona."

Nilimbana mtoto kifuani.

"Tangu lini?"

Nilimwona akihesabu kichwani: bakuli la samaki, kamba, kona ya mto. Kila kitu alichokifanya mbele yangu kilimpita usoni, na aibu ilipofika mwisho wake ikageuka ikawa kitu kingine. Akaingia ndani. Akashusha kamba, lakini hakuitumia. Aliitupa, akachukua fimbo yangu.

"Toka!" nikampigia kelele mkwe wangu. "Toka na mtoto! Sasa hivi!"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nikamtupia mtoto mikononi. Mwanangu akamrukia, akamdaka nywele, na nikasikia nyuzi zikikatika kama nyasi zinazong'olewa. Akampiga ngumi moja ya uso. Damu ikaruka kwenye kanga ya mtoto, na mtoto, ambaye miezi yote ile hakuwahi kulia baba yake akipiga, akapiga yowe lililotoka mpaka barabarani. Mimi nikamwangukia mwanangu miguuni, nikakumbatia goti lake kwa mikono yote miwili, nikang'ata paja. Ndiyo, nilimng'ata. Alimwachia mkewe ili anipige mimi.

Fimbo ilishuka begani, ikashuka mgongoni. Nikainua mkono kukinga kichwa, na ya tatu ikanivunja mfupa chini ya kiwiko. Niliusikia ukivunjika kabla sijasikia maumivu. "Umenidanganya!" alikuwa anapiga kelele, kila neno na fimbo yake. "Mama yangu! Mama yangu mzazi!" Sikuachia goti. Nilikuwa nasikia nyayo pekupeku zikishuka kwenye mawe, zikipungua, na niliapa sitaachia mpaka nisizisikie kabisa.

Akanipiga teke, akachomoka, akatoka mbio.

Yule mama wa nyumba ya pili, ambaye siku zote tulimwogopa, alikuwa amesimama mlangoni kwake na ungo wa mchele. Mwanangu akamuuliza: "Kapita wapi?" Mama yule akanyoosha mkono kuelekea barabara ya lami. "Kule. Kapanda bodaboda." Mwanangu akateremka kule. Mkwe wangu na mtoto walikuwa nyuma ya mlango wa huyo mama, chini ya kitanda chake. Aliwafungia, akampa mkwe wangu simu yake, na ile namba iliyoimbwa njiani ikapigwa. Baadaye nilimuuliza mama huyo kwa nini. Akasema: "Niliwaona mkitoka na nguo mara mbilimbili. Kila siku alikuwa ananiuliza, nami kila siku namwambia hakuna kitu." Hatukuwahi kujua.

Watu wakajaa uwanjani. Wanaume wawili wakanibeba. Polisi walimkuta mwanangu mwaloni mchana huo, anafungua injini ya mtu, mikono imetulia kabisa.

Mkwe wangu na mtoto walichukuliwa na gari la ustawi wa jamii kutoka kituo cha polisi. Alikuja kuniaga hospitali, nimefungwa plasta, uso wake umevimba upande mmoja hata jicho halionekani. Akapiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kuniambia mahali anapopelekwa.

"Usiniambie," nikasema. "Mimi ni mama yake. Akinililia nitasema."

Akalaza kichwa chake juu ya godoro langu, na mimi nikampapasa pale nywele zilipong'olewa.

Kesi ilisikilizwa mjini. Mwanangu hakuwa na wakili, hivyo aliruhusiwa kuniuliza maswali mwenyewe. Alisimama kizimbani na shati nililomnunulia.

"Shahidi," akasema. Hakuniita mama. "Si ulikuwa kipofu?"

"Nilikuwa nimeshapona."

"Ulisema unaona ukungu."

"Nilikudanganya."

"Kwa hiyo wewe ni mwongo."

"Kwa hilo, ndiyo."

Karani akainua macho. Mwanangu akashika ukingo wa kizimba. "Ulikuwa unaona kila kitu?"

"Kila kitu, baba. Nikuelezee?"

Alikaa chini. Kadi yangu ya hospitali ilisomwa, muuguzi akaeleza majeraha aliyoyaona, na mkwe wangu akatoa ushahidi wake kwenye chumba cha pembeni bila mwanangu kumtazama. Hukumu ilikuwa kifungo.

Ukoo ulinijia juu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alisafiri kutoka Mara kuja kuniambia hajawahi kuona mama anayemfunga mtoto aliyemnyonyesha. Nilimwomba anivue kanga begani, aone. Alikataa. Nikajivua mwenyewe. Akatazama sakafuni, akaomba maji, akanywa, akaondoka, na tangu siku hiyo hunitumia salamu kupitia watu wengine tu.

Sasa naishi Pasiansi kwa binti yangu mkubwa. Mkono uliovunjika haunyooki vizuri. Siwezi kukamua nguo wala kusonga ugali wa watu wengi. Mkwe wangu hunipigia Jumapili kwa namba inayobadilikabadilika. Mwanzoni alikuwa anashtuka akisikia pikipiki, aliniambia, na alilala na viatu miguuni. Siku hizi anazungumzia zaidi shule ya mtoto. Mtoto huchukua simu na kunisimulia mambo kwa Kiswahili cha haraka ambacho nusu yake sikishiki, anabishana, anapiga kelele, anacheka. Nasikiliza zaidi zile kelele.

Gerezani nakwenda na sabuni na mafuta ya kupaka. Mara za kwanza mwanangu alikataa kutoka. Kisha akatoka, akakaa, akatazama ukuta. Safari iliyopita aliniuliza mkono unaendeleaje. Nikamwambia hautanyooka. Akautazama, akasema, "Yule mwanamke ndiye alitugombanisha," nami nikainuka, nikamwekea sabuni yake, nikatoka kabla saa ya kutembelea haijaisha. Nitakwenda tena. Sijui nitakuta nini.

Siku hiyohiyo, kabla ya kuingia, nilikuwa kwenye foleni ya akina mama getini. Aliyekuwa mbele yangu, mzee wa umri wangu, aligeuka tukasalimiana, akaniuliza wangu kafanya nini. Wengi pale husema ajali, husema kusingiziwa.

"Alimpiga mkewe," nikamwambia. "Na mimi."

Akahamisha kifurushi chake kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Wangu alimuua," akasema. "Niliwasikia tangu walipooana."

Askari akafungua geti dogo, akatuambia tusogee, tukasogea.